Upande Asiouona Ndambiri

"Vua na hiyo kaptura," Mutembei alisema. "Nani atakuangalia? Hapa ni wanaume na magunia tu."

Thuranira akavua, akapanda tena kwenye mizani akiwa vile alivyozaliwa. Ilikuwa mizani ya ghala la kahawa, ya chuma kizito, na ubao wake ulikuwa baridi chini ya nyayo. Karani akalisogeza jiwe kwa kidole kimoja, polepole, kwa huruma. Mkono wa mizani ukapanda, ukagonga juu, ukakataa kushuka.

"Nusu kilo," karani akasema. "Umezidi."

"Pima tena."

"Mzee, nimepima mara tatu. Na hii mizani ikikosea huwa inapunguza, uliza wakulima wa Githongo. Kama imekuzidisha, basi umezidi kweli."

Wapakiaji waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaangua kicheko. Mutembei, dereva wa lori aliyekuwa akimshikia kona ulingoni tangu walipokuwa vijana, akawafukuza kwa taulo. Halafu akamtupia Thuranira blanketi, akamwekea mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia katikati ya miguu, na kando yake kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba.

"Tafuna, tema," akasema. "Mizani inafungwa saa nne. Usimeze hata tone."

Nusu kilo jamani! Mtu hajaonja ugali tangu Jumatano, na leo ni Jumamosi. Siku zote tatu alikuwa akitafuna miraa na kutema, kwa maana miraa hunyamazisha njaa, na mtu wa Igembe, nchi ya miraa, hafundishwi jambo hilo. Ndivyo alivyopunguza uzito miaka yote. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, kilo tatu zilimtoka kwa siku moja na jioni yake akamlaza mtu raundi ya kwanza. Sasa alikuwa na thelathini na tisa. Kwenye kadi ya klabu iliandikwa thelathini na moja, lakini kadi haikupigana kamwe, aliyepigana ni yeye. Kinywa kilikuwa kikavu, moyo ulidunda ovyo, na mate yalikuja kwa kubembelezwa.

Akakaa juu ya magunia akatema.

Tuseme ukweli, Thuranira hakuwa na kazi nyingine duniani. Kampuni ya malori ya Kirimara ilimwajiri mwaka wa sitini na nane kwa sababu ya medali yake ya ndondi. Kwenye karatasi alikuwa mpakiaji wa tawi la Meru, lakini kwa miaka kumi na sita hakupandisha gunia hata moja kwenye lori. Alipigana akiwa amevaa fulana yenye jina la kampuni, na kampuni ikampa chumba. Wakati huo alijiona mkubwa. Mwaka wa sabini alimwachia kaka yake Kinoti sehemu yake yote ya shamba la miraa, huko juu ya mji wa Maua, kwa kubadilishana na pikipiki. Ndiyo, pikipiki. Aliizungusha sokoni misimu miwili, watoto wakimkimbilia nyuma, kisha ikafa injini. Miraa ya Kinoti mpaka leo inachumwa.

Na sasa alikuwapo meneja mpya, Bwana Njiru, mtu wa miwani na faili, asiye mbaya ila hakupenda ngumi. Alikuta kampuni ina mabondia wawili wazee wa uzani mmoja: Thuranira wa Meru na Ndambiri wa tawi la Embu. Akawaita ofisini wote wawili siku moja. Akasema kampuni itabaki na mmoja, awe mwalimu wa vijana, apewe nyumba mtaa wa Majimbo. Mwingine atapata barua na kurudisha ufunguo mwisho wa mwezi.

"Mimi sijui ndondi," alisema, akiifunga faili. "Nyinyi mnajua. Piganeni Jumamosi mniamulie."

Asubuhi ya pambano, Thuranira alipokuwa akiondoka Meru, mkewe Karimi alikuwa amesimama katikati ya chumba chao, sufuria mkononi.

"Baba Mukiri," alisema, "niambie nifunge vitu ama nisifunge."

"Usifunge."

"Tukitoka hapa tunaenda wapi? Kwa Kinoti? Tulale jikoni kwa bibi yake?"

Alichukua mfuko wake wa glavu akatoka. Alipogeuka nyuma kutoka barabarani, Karimi alikuwa bado ameishika sufuria ile.

*

Saa nne kasoro dakika tano mizani ilikubali. Karani alipiga makofi peke yake.

Kule nje Ndambiri alikuwa akimngoja. Alikuwa amepimwa mapema, bila taabu, kwa sababu kule kwao Siakago mwaka ule ukame ulikuwa umewapunguza watu uzito bila kuombwa. Mrefu, mikono mirefu, pua imelala upande mmoja. Walikuwa wamepigana mara tatu ujanani, Thuranira akashinda mbili.

"Twende tunywe chai," Ndambiri alisema. "Ama unaogopa nitakutilia sumu?"

"Sumu gani itaniua mimi? Nimekula miraa siku tatu."

Wakaenda hotelini, wakaagiza chai na chapati. Thuranira alikula chapati ya kwanza bila kutafuna. Wakati wa ya pili ndipo mazungumzo yalipoanza, na kama kawaida ya watu wazima yakaenda kwa wazazi, kwa vijiji, kwa koo. Ajabu ni kwamba miaka yote hiyo hawakuwa wameulizana ukoo. Bondia humwuliza mwenzake uzani, basi. Ndambiri akataja ukoo wake, akasimulia njaa ya zamani, jinsi babu zake walivyopanda milimani na mifupa yao tu, wakapokewa na ukoo fulani wa Igembe, wakalishwa mpaka mvua.

Thuranira akaweka kikombe chini. "Ukoo gani wa Igembe?"

Ndambiri akautaja.

"Aii!" Thuranira akasema. "Hao ni sisi. Wewe ni gichiaro wangu!"

Wale ambao hawakuzaliwa huku waelezwe: gichiaro si urafiki. Ni udugu ulioapwa na mababu kati ya koo mbili, na hauna mwisho. Gichiaro wako akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza, humdanganyi. Na damu yake haimwagiki kwa mkono wako. Hata wazee wa kanisa, Wamethodisti waliobatizwa kwa maji mengi, jambo hili wanalizunguka mbali.

Walishikana mikono juu ya meza wakacheka hadi mhudumu akaja kuona kuna nini. Alikuja upande wa kushoto wa Ndambiri, akanyoosha mkono achukue sahani, na Ndambiri akashtuka mwili mzima, chai ikamwagika.

"Gichiaro," Thuranira akasema, bado anacheka, "hebu niambie. Hilo jicho lina nini?"

Hakukusudia neno. Ulimi tu ulitangulia. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na lilimtoka yeye, na aliyeulizwa hakuwa na ruhusa ya kudanganya. Kicheko kilimwisha Ndambiri usoni. Akaipangusa chai iliyomwagika kwa kiganja.

"La kushoto limekufa," akasema. "Tangu mwaka jana. Naona giza tu."

"Na daktari?"

"Daktari alisema nifunike la kulia, nikafunika la kushoto. Akasema badilisha, nikabadilisha mkono, jicho lilelile." Akacheka kidogo, peke yake. "Hata Wambeti hajui. Bibi yangu mwenyewe! Sasa wewe unajua."

Thuranira alitamani ardhi immeze. Angelipa chochote arudishe swali lile kinywani. Siri ya namna hii ni mzigo kwa anayepewa, na yeye alikuwa ameiomba mwenyewe, kwa mzaha.

"Tutapiganaje?" akauliza. "Damu ni mwiko."

"Mwili tu," Ndambiri akasema. "Mbavu na tumbo. Uso tuuachie mabibi zetu. Pointi ni pointi, mwenye nguvu ashinde, na nyumbani tusipeleke laana."

"Mwili tu."

"Mwili tu, gichiaro."

Jambo moja halikutajwa mezani pale. Kila mmoja angeweza kumwomba mwenzake ushindi, wazi wazi, na mwenzake asingeweza kumnyima. Ndiyo sababu hakuna aliyeomba. Walimaliza chai yao wakaachana mlangoni kwa adabu kubwa.

*

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Vijana walikuwa wamepigana kwanza, na watu walikuwa wameshachangamka. Wazee wawili walipopanda ulingoni, mmoja na kitambi kilichofyonzwa kwa nguvu, mwingine na magoti yaliyofungwa bandeji, ukumbi ulicheka.

"Babu, utaanguka!" mtu akapaza sauti. "Nendeni mkachunge mbuzi!"

"Leteni viti wakae!"

Kengele ikalia.

Usiniulize nguvu walizitoa wapi. Dakika ya kwanza walipimana, mikono ikigusanagusana. Dakika ya pili Ndambiri akaingia chini na ngumi mbili za mbavu, pu, pu, na Thuranira akazijibu palepale, tatu za tumbo, akatoka kwa mguu wa kushoto jinsi alivyotoka mwaka wa sitini na nane. Mwili ulikumbuka. Mabega yalilegea yenyewe, kiuno kikazunguka chenyewe, na furaha aliyoisahau ikampanda kooni akataka kupiga kelele. Ndambiri naye alikuwa akitabasamu na kinga-meno yake. Hakuna aliyegusa uso wa mwenzake. Ngumi zilipita chini ya viwiko, juu ya nyonga, katikati ya kifua, zikisikika hadi nyuma ya ukumbi, na wale vijana waliokuja kucheka wakanyamaza mmoja mmoja, kisha wakaanza kusimama. Kengele ilipolia, makofi yaliyopigwa hayakuwa ya mzaha.

"Nini hii mnafanya?" Mutembei akamwuliza kwenye kona, akimmwagia maji. "Mbona humpigi usoni?"

"Ni gichiaro."

Mutembei alikuwa Mmeru, hakuhitaji kuelezwa. Alimpangusa tu.

Raundi ya pili ikamgeuka. Siku tatu za miraa zilikuja kudai chao. Miguu ilikuwa mizito, pumzi ilikwama juu, moyo ulipiga ngoma isiyo na mpango. Ndambiri alimwegemea, akamsukuma kwenye kamba, akafanya kazi ya mtu anayepasua kuni, bila haraka, ubavu uleule, mara kumi, mara kumi na tano. Kila ngumi ilikuwa halali. Kila ngumi ilikuwa chini ya shingo. Mara mbili uso wa Thuranira ulibaki wazi kabisa, glavu ya Ndambiri ikiwa imeinuka tayari, na mara mbili glavu ile ikateremka ikaenda tumboni.

"Raundi zote mbili ni zake," Mutembei alisema kengele ilipolia. Hakumtazama machoni. "Sikudanganyi. Kwa pointi umeshindwa. Mpaka umlaze."

Thuranira alikuwa akihema mdomo wazi. Ng'ambo ya kamba, safu ya mbele, Bwana Njiru alikuwa amekaa na faili juu ya magoti, kalamu tayari. Thuranira akaiona barua. Akamwona Karimi jikoni kwa Kinoti, akiomba chumvi kwa mke wa Kinoti. Akajiona mwenyewe akichuma miraa kwa mshahara wa siku kwenye mashina aliyopandiwa na baba yake. Aibu ilimshika na hasira ikafuata, na hofu ikazipita zote mbili. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakujua kufanya chochote, chochote kabisa, isipokuwa hiki.

Raundi ya tatu, ya mwisho. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukipiga miguu sakafuni. Ndambiri akaja vilevile, mikono chini, akizilinda mbavu. Uso wake ulikuwa wazi kama mlango wa nyumba ambayo watu wake wako shambani. Kwa nini aufunge? Walikuwa wamekubaliana.

Dakika moja nzima Thuranira alijizuia. Ihesabiwe hiyo dakika, maana baadaye hakuna mtu aliyejua kwamba ilikuwapo. Akapigwa ubavuni, akapigwa tena, akaangukia kamba, na alipoinuka mkono wa kulia ulikuwa umeshaondoka. Ulizunguka kwa mbali, upande ule wa giza. Ndambiri hakupepesa hata ukope. Ngumi ilimkuta kwenye shavu la kushoto, kichwa kikageuka kuitafuta ilikotoka, na kwenye mgeuko huo mkono wa kushoto wa Thuranira ukamfikia kwenye jicho la kulia, lile zima.

Ngozi ya nyusi ikapasuka. Damu ikamwagika mpaka kifuani.

Ukumbi ulilipuka. Walikuwapo waliorusha kofia, waliokumbatiana, waliopanda juu ya viti. Ndambiri hakuanguka. Alisimama katikati ya ulingo, jicho la kulia likimvimba na kufunga, akainamisha kichwa kidogo kusikiliza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, akapapasa hewani hadi glavu ikagusa bega la Thuranira. Alipolipata bega, akajua mwili uko wapi. Akapiga kwa kulia, chini, kwenye mbavu.

Na tena. Papasa, gusa, piga. Mbavu. Tumbo. Haoni kitu, damu inamwingia mdomoni, na bado hakuupandisha mkono hata mara moja juu ya shingo ya mwenzake. Watu walikuwa wakilia kwa furaha. Hawakuwa wameona ndondi kama hiyo maishani mwao, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Thuranira alisimama akizipokea ngumi zile bila kuzikinga. Alitaka zimuue. Lakini zilikuwa zimeishiwa nguvu, na refa akaingia katikati, akamtazama Ndambiri usoni, akapunga mikono yote miwili.

Mkono wa Thuranira ukainuliwa juu.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa ghala la viti. Bwana Njiru aliingia, akampa mkono, miwani imemshuka puani. Hata yeye alikuwa amepiga kelele, ilisikika kwenye sauti yake.

"Mwalimu," alimwita. "Jumatatu uje tukuonyeshe nyumba. Mlete na mama."

"Asante, bwana."

"Mimi sikujua hii kitu iko hivi. Sikujua kabisa." Akatoka akitikisa kichwa.

Wakabaki wawili. Ndambiri alikuwa ameketi kwenye benchi, taulo yenye maji imefunika uso wake, glavu zimevuliwa, bandeji bado mikononi. Daktari wa ulingoni alikuwa amemwambia aende hospitali sasa hivi, si kesho. Thuranira akasimama mbele yake. Alingoja kuulizwa. Aulizwe tu, na angejibu kweli yote, hakuwa na njia nyingine. Au aombwe. Aombwe kazi, aombwe nyumba ya Majimbo, aombwe mkono wenyewe ukatwe kwa panga. Alikuwa akimwomba Mungu yeye aombwe.

"Nani hapo?" Ndambiri akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Thuranira."

Ndambiri akaondoa taulo. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa, limekuwa jeusi. La kushoto lilikuwa wazi, safi, likitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Asubuhi uliniita jina," alisema. "Niite."

Thuranira akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, silabi chache tu, alilolisema mara ngapi leo kwa kicheko. Halikutoka. Akajaribu tena, na machozi yakaanza kumtiririka yakichanganyika na jasho. Ndambiri aliposikia halisemwi, akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameshajibiwa.

"Basi nishike mkono," akasema. "Nipeleke hospitali. Lakini tupite mlango wa mbele. Sitatokea nyuma."

Akanyoosha mkono. Thuranira akaushika, bandeji kwa bandeji, akamwinua. Akamfungulia mlango, akamwambia kuna ngazi mbili, akahesabu naye, moja, mbili.

Ukumbi haukuwa umetawanyika. Watu walikuwa bado wamejazana wakisimuliana, na walipowaona wale wawili wakija wameshikana mikono, kelele zilipanda hadi mabati yakatetemeka. Waliwapisha njia katikati. Mwanamume mzima alivua kofia. "Hiyo ndiyo michezo!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakamwitikia, "Wanaume! Hao ni wanaume!" Wakawapigapiga migongo, wakawashika mabega, mama mmoja akapiga vigelegele.

"Wanasemaje?" Ndambiri akauliza.

"Wanatusifu."

"Wako wapi?"

Thuranira akamvuta mkono waendelee. Ndambiri akasimama, akajiweka wima. Akainua mkono uliokuwa huru, akatabasamu na midomo iliyopasuka, akawapungia watu kwa heshima, muda mrefu, akiwa ameuelekeza uso wake kwenye ukuta mtupu.